Leonard Noon, Daktari wa Dozi Ndogo

Muulize mwanachuo yeyote aliyesoma baiolojia nani aligundua penisilini, jibu analo mdomoni: Alexander Fleming, hospitali ya St Mary's, London. Sawa kabisa. Lakini miaka mingi kabla jina la Fleming halijavuma, katika idara ileile kulikuwa na daktari mwingine kijana, aliyefariki akiwa na miaka 35 tu, na kazi aliyoianza inaendelea mpaka leo kwenye kliniki za aleji za nchi nyingi. Jina lake Leonard Noon. Madaktari wa aleji wanamjua kama sisi wengine tunavyomjua Fleming.

Namleta kwenye kurasa hizi kwa sababu ya swali moja. Tiba aliyoianzisha Noon ukiisikia mara ya kwanza inachekesha: mtu anayeteswa na chavua, yaani ule unga wa maua ya nyasi na miti, unamdunga chavua hiyohiyo. Tena si sindano moja ukaenda zako. Ni miaka mitatu, minne, hata mitano. Mtu yeyote mwenye akili zake atauliza: hivi mwili ukichokozwa miaka yote hiyo, kinga si itachoka? Haitafika siku ikashindwa hata na malaria? Swali ni la msingi, na jibu lake linaanzia kwenye maisha ya bwana huyu.

Noon alizaliwa Uingereza mwaka 1877. Alisoma Cambridge, akamalizia udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Hakuwa daktari wa kukaa wodini tu. Maabara ndiyo ilimvuta. Mwaka 1907 alichapisha utafiti kuhusu sumu ya pepopunda na namna inavyoshikamana na tishu za ubongo. Liweke hilo kichwani, maana fikra za sumu ndizo zilizomwongoza baadaye, na ndizo zilizompeleka kwenye jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Akaingia St Mary's, chini ya Almroth Wright. Huyu Wright alikuwa mtu mzito enzi hizo. Ndiye aliyetengeneza chanjo ya homa ya matumbo mwishoni mwa miaka ya 1890, na aliamini kwamba dawa ya kesho si ya kumeza wala kupaka, bali ni ya kuuchochea mwili wenyewe ujitibu. Idara yake ilikuwa ya chanjo kwa kila kitu, na vijana wake walifundishwa jambo moja mpaka likawaingia: usiseme kinga imepanda au imeshuka kama hujaipima. Wright alikuwa ameona kwamba baada ya sindano kinga inaweza kushuka kwanza kwa muda, ndipo ipande. Ukidunga tena wakati imeshuka, unaharibu. Ukisubiri ipande, unajenga. Fleming alikulia katika mafunzo hayo. Noon pia, na mwenzake John Freeman.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kila mwaka nyasi zinapotoa maua, watu fulani huko Ulaya walikuwa wakipata mafua yasiyoisha, macho mekundu yanayowasha, chafya mfululizo, wengine mpaka pumu. Mwaka 1819 daktari John Bostock aliueleza ugonjwa huo mbele ya madaktari wenzake, na mgonjwa aliyemwelezea alikuwa ni yeye mwenyewe. Watu walibaki wakilaumu joto, jua na vumbi. Akaja Charles Blackley wa Manchester, naye mgonjwa vilevile, akajifanya panya wa maabara. Alijikwaruza ngozi akapaka chavua, ngozi ikavimba. Akarusha tiara zenye vioo vya kunata apate kujua chavua inafika juu kiasi gani. Mwaka 1873 alitoa kitabu kilichofunga mjadala: mkosaji ni chavua.

Blackley aliona kitu kingine kilichomsumbua. Wakulima, watu wanaoshinda kwenye nyasi kutwa nzima, ndio waliokuwa hawaugui sana. Waliougua zaidi ni wasomi na watu wa mjini. Akajiuliza kama kuzoea tangu utotoni kunaweza kuwa ndiyo kinga yao.

Kwa sisi tuliotoka Mzenga, kule Kisarawe, hilo si fumbo geni sana. Mzee analima katikati ya majani yanayomfika kiunoni, hana habari na chafya. Mjukuu wake anayesoma mjini akija likizo, siku ya pili macho yamevimba. Wengi wataielekezea lawama mikorosho ikitoa maua baada ya masika. Lakini chavua ya mkorosho inanata, na kwa kawaida hubebwa na wadudu zaidi kuliko upepo. Wanaostahili kushukiwa kwanza ni wale wanaomwaga chavua yao hewani: ukoka, mahindi, majani ya porini, na kwa walio karibu na bahari, mivinje. Ukoka hasa unajulikana katika nchi nyingi za joto kuwa na chavua inayosababisha aleji. Ndio huohuo tunaoukalia tukisubiri kipindi kianze.

Turudi London. Kabla ya Noon, huko Hamburg, profesa William Dunbar alikuwa amesema kwamba chavua ina sumu ndani yake. Akawadunga farasi chavua, akachukua maji ya damu yao kama dawa ya kuizima hiyo sumu. Noon aliposoma haya, yeye mtu wa pepopunda, yalimwingia vizuri. Ila akaligeuza wazo. Kwa nini tumtegemee farasi? Kama ni sumu, basi mgonjwa mwenyewe apewe kidogokidogo, mwili wake ujifunze kutengeneza kizuizi chake, kama inavyofanya chanjo.

Wapo waliokuwa wamejaribu kudunga chavua kabla yake. Tofauti ya Noon ni kwamba alipima. Alichukua chavua ya nyasi iitwayo timothy, akailoweka kwenye maji safi, akaigandisha na kuiyeyusha mara kadhaa ili kilichomo kitoke, akaichemsha. Kisha akaweka kipimo: kiasi kinachopatikana kutoka kwenye sehemu moja ya elfu ya miligramu ya chavua kiitwe uniti moja. Kipimo hicho kilibaki na jina lake. Watu wa fani wanakiita uniti ya Noon.

Halafu akahitaji kujua kila mgonjwa ana ukali kiasi gani. Akatumia jicho. Aliizimua dawa yake kwa viwango tofauti, akadondosha tone jichoni akianza na hafifu kabisa, akaangalia ni tone la nguvu gani linaanza kulifanya jicho liwe jekundu. Hapo alikuwa na namba. Mwezi ujao baada ya sindano kadhaa, anapima tena. Kama jicho sasa linahitaji tone lenye nguvu mara nyingi zaidi ndipo liwe jekundu, basi mwili umeanza kuvumilia. Kazi yote aliifanya kabla ya msimu wa maua, ili msimu ukifika mgonjwa awe tayari.

Tarehe 10 Juni 1911, jarida la The Lancet lilichapisha ripoti yake. Ni fupi, unaweza kuisoma yote ukiwa kwenye foleni ya chakula. Ndani yake mna mambo ambayo kliniki bado zinayafuata: anza chini kabisa, panda polepole, acha nafasi kati ya sindano na sindano. Na mna onyo: dozi ikiwa kubwa, au zikifuatana haraka mno, mgonjwa anakuwa mkali zaidi ya alivyokuja, na anaweza kupata shida mwili mzima. Yale aliyofundishwa na Wright yalikuwa yamezaa matunda.

Wakati huo huo mapafu yake yalikuwa yanaoza. Noon alikuwa na kifua kikuu. Alikuwa ndani ya idara iliyosifika kwa kinga kuliko zote nchini mwake, amezungukwa na chanjo za kila aina, na hakuna hata moja iliyoweza kumsaidia. Chanjo ya BCG ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921. Streptomaisini iligunduliwa 1943. Kazi ikabidi aiachie kwa Freeman. Januari 1913 akafariki.

Angalia hesabu hiyo, ndugu msomaji. Kutoka kuchapisha mpaka kufa ni kama mwaka mmoja na nusu. Tiba ambayo leo tunajua inahitaji miaka mitatu ikamilike, mwanzilishi wake hakuwa na miaka mitatu ya kuiangalia.

Freeman akaendelea. Mwaka 1914 alitoa matokeo ya wagonjwa 84, akaeleza kwamba wengi walipata nafuu, na kwamba kwa baadhi nafuu ilidumu hata baada ya sindano kusimama. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza mwaka huohuo. Lakini tiba haikufa. Ikasambaa Uingereza na Marekani, hospitali kwa hospitali. Mwaka 1954, St Mary's hiyohiyo, William Frankland na Rosa Augustin wakafanya jaribio lenye kundi la kulinganisha, wagonjwa 200, wengine wakipewa chavua halisi na wengine dawa isiyo na kitu. Waliopata chavua walifanya vizuri zaidi. Kumbe mchezo ulikuwa kweli.

Sasa lile kosa la Noon. Chavua haina sumu. Ingekuwa na sumu tungeugua sote. Tatizo liko kwa anayeipokea, na hilo lilichukua miongo kadhaa kueleweka. Mwaka 1921, Ujerumani, Heinz Küstner aliyekuwa na aleji ya samaki alitoa maji ya damu yake yakadungwa kwenye ngozi ya Carl Prausnitz, ambaye hakuwa na aleji hiyo. Baadaye ikiletwa dawa iliyotokana na samaki mahali pale pale, ngozi ya Prausnitz ikavimba. Maana yake ndani ya damu kuna kitu kinachobeba aleji. Kitu hicho kilipatikana katika miaka ya 1960: Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Sweden, kila timu kwa njia yake. Ni kingamwili, ikapewa jina IgE.

IgE kwa kawaida ina kazi ya maana, hasa kwenye mapambano na minyoo. Kwa mtu mwenye aleji imekosea adui. Inajibandika juu ya seli zinazoitwa masti, kwenye pua, macho, mapafu na ngozi, ikisubiri. Chavua ikija na kuishika, seli zinapasua mifuko yao na kumwaga histamini. Hapo ndipo chafya, machozi na muwasho. Kidonge cha Piriton kinaizuia histamini isifanye kazi yake, kisha kinakulaza darasani. Kesho chavua ikija, mambo ni yaleyale. Kidonge hakimfundishi mtu kitu.

Sindano za Noon zinafundisha, na mafunzo yana hatua. Katika siku na wiki za mwanzo, seli masti zinaanza kuwa nzito kuwaka. Cha kushangaza, IgE yenyewe inapanda kwanza, na ndiyo maana huu ni wakati wa hatari. Baada ya wiki na miezi, zinajitokeza seli T za kutuliza, ambazo kazi yake ni kuwaambia wenzao wapunguze munkari. Zinatoa kemikali za kutuliza, mojawapo ni intalukini-10. Seli B nazo zinabadili mkondo: badala ya kumimina IgE tu, zinatengeneza kwa wingi kingamwili nyingine, IgG4, inayoidaka chavua kabla IgE haijaifikia. Robert Cooke na wenzake huko Marekani walikuwa wameshaonyesha mwaka 1935 kwamba damu ya waliotibiwa ina kizuizi cha namna hiyo, hata kabla jina la IgG4 halijajulikana. Baada ya miaka, IgE ya chavua ile inaanza kushuka polepole.

Kwa hiyo, je, kinga inachoka? Hapana. Haizimwi wala haipunguzwi. Inabadilishwa mwenendo wake juu ya kitu kimoja tu. Aliyezoeshwa chavua ya timothy amezoeshwa timothy na nyasi ndugu zake. Askari wake wa malaria, wa mafua ya virusi, wa kifua kikuu, hawajaguswa. Ni kama mlinzi wa geti aliyekuwa anampiga virungu muuza karanga kila siku. Kufundishwa kwamba yule ni muuza karanga hakumfanyi amwachie mwizi apite. Dawa za steroidi ndizo zinazoweza kuipunguza kinga nzima zikitumika kwa wingi na muda mrefu. Watafiti wa Denmark waliangalia rekodi za nchi yao wakachapisha mwaka 2012: waliopata sindano hizi hawakuonekana kuwa na magonjwa mengi zaidi ya kinga kuushambulia mwili, wala vifo vingi zaidi, kuliko wenye aleji waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Rekodi peke yake haithibitishi kila kitu, lakini ile hofu ya kinga kuharibika ingekuwa kweli, hapo ingeonekana.

Hatari iliyopo ni nyingine, na Noon aliitaja tangu mwanzo. Dozi ikizidi, mwili mzima unaweza kulipuka: presha inaanguka, koo linabana. Mwaka 1986 mamlaka za dawa Uingereza zilitangaza kwamba watu 26 walikuwa wamekufa kutokana na sindano za namna hii tangu 1957, wengi wao wakiwa na pumu. Masharti yakakazwa. Leo mgonjwa anadungwa mahali penye adrenalini na watu wanaojua kuitumia, kisha anakaa pale kama nusu saa akiangaliwa. Pumu isiyodhibitiwa ni sababu ya kutoanza kabisa. Vipo pia vidonge vya kuweka chini ya ulimi, salama zaidi, vinavyotumika kila siku.

Kuhusu muda, mambo mawili yanajulikana vizuri. Mwaka 1999, Stephen Durham na wenzake wa London walionyesha kwamba waliodungwa chavua ya nyasi kwa miaka mitatu hadi minne waliendelea kuwa na nafuu miaka mitatu baada ya kuacha. Mwaka 2017 kundi la London likaonyesha upande wa pili: waliotibiwa miaka miwili tu, mwaka mmoja baada ya kuacha hawakuwa na tofauti ya kueleweka na wale waliopewa dawa isiyo na kitu. Miaka miwili mgonjwa anajisikia vizuri kabisa, anasema nimepona, anaacha. Kumbe somo lilikuwa halijakaa.

Hapa kwetu ushahidi wa somo hili tunao hata bila kliniki. Wafugaji wa nyuki wanaoumwa mara nyingi mwaka hadi mwaka, wengi wao hawavimbi tena kama mgeni, na damu yao ukiipima ina IgG4 nyingi dhidi ya sumu ya nyuki. Watu walioishi na minyoo kwa miaka, ikiwemo ya matende, nao hujenga IgG4 nyingi. Mwili unaokutana na kitu kilekile kila mara, muda mrefu, hujifunza kuacha vurugu nacho.

Lakini tafadhali, asitokee mtu akasema basi nitatafuna ukoka, au nitajichokoza kwa nyuki. Mwenye aleji ya nyuki, mchomo mmoja unaweza kumuua. Na wale wanaoamini kulamba asali kila asubuhi kunatibu aleji ya chavua: chavua ya kwenye asali kwa sehemu kubwa ni ya maua yanayotembelewa na nyuki, siyo ya nyasi zinazorusha chavua kwa upepo, na hakuna anayejua umelamba kiasi gani. Ile uniti ya Noon ipo kwa sababu hiyo. Kitu kilekile kinachomtesa mgonjwa kikipimwa kinamtibu, kisipopimwa kinamuumiza.

Kwa hiyo ukiwa na mwenzako, au ndugu yako aliye ughaibuni, ambaye ameanza sindano hizi na sasa yuko mwaka wa pili, hapigi chafya tena, anahesabu nauli ya kliniki na kufikiria kuacha, mwambie habari za miaka miwili na za miaka mitatu. Asiache bila kuongea na daktari wake. Noon alikosa muda wa kuufikia huo mwaka wa tatu, yeye anao.